Pale Wanapopigia Picha

Binti yangu Neema kaniletea tembo. Ni tembo mdogo wa kuchonga, anaenea kiganjani, mkonga umekaa upande kama pua ya mtu aliyepigwa ngumi. Alikwenda matembezi milimani na wenzake wa kwaya, akarudi Jumapili jioni na matope kwenye raba. "Mama, nimekukumbuka," akasema, akamweka mezani karibu na ungo wa mchele. Mimi nimezaliwa kwenye milima ile, na sijawahi kumsikia mtu hata mmoja aliyesema kaona tembo kule juu. Nikamchukua ili nimcheke. Nilipomsogeza karibu na uso nikasikia harufu, nikaacha kucheka.

Kafuri. Wenzangu wa rika langu mnaijua, ile ambayo majirani zetu Waislamu humpaka maiti wao. Ila mimi niliijua kabla sijaona maiti yeyote. Kule kwetu ilikuwa harufu ya mti. Ilikuwa miti mikubwa, watu wazima wakishikana mikono hawaizunguki, na ukikwaruza gome kwa ukucha inakutolea harufu ile mpaka machozi. Mama alikuwa anaweka vipande vya gome lake kwenye kapu la nguo, mende wasiingie. Basi khanga zake zilinukia hivyo, na mgongo wake ulinukia hivyo, na mimi niliyelelewa kwenye mgongo ule nilidhani wanawake wote wakiwa mama hunukia kafuri.

Neema hakuona kitu. Alikuwa keshatoa simu. "Mama, njoo uone pazuri! Unajua kuna watu wameandika kwenye mtandao sehemu za kutembelea kabla hujafa? Na sisi Morogoro tumo! Maporomoko ya Fungate." Ndilo jina alilonitajia siku anaaga, na mimi sikulijua, nikadhani ni huko upande mwingine wa mlima. Sasa akanipa simu. Nikamwona mwanangu kasimama kwenye nyasi fupi, kijani kibichi kama zulia jipya, kanyoosha mikono, anacheka, na nyuma yake maji yanashuka meupe toka juu ya mwamba mweusi.

"Kila mtu anapigia picha hapo," akasema. "Ukipigia pengine maji hayatokei yote."

Niliitazama picha ile mpaka simu ikazimika yenyewe.

Jina la maji yale si Fungate. Ni Maji ya Bibi, na hayakuwa mahali pa kutembelea. Watu walikwenda pale wakiwa na shida: mvua imechelewa, mtoto haponi, mtu kamwota marehemu siku tatu mfululizo. Walikwenda asubuhi, wazee mbele, na unga kwenye kipeto na pombe kidogo kwenye kibuyu. Njiani hakuna kuongea. Ukifika hunyooshi kidole kwenye maji, na ukiondoka hugeuki nyuma. Kandokando ya njia ile ndipo ilipokuwa miti ya kafuri, kichaka kizima, chini yake giza na baridi hata mchana. Watoto tuliishia kwenye jiwe moja la bapa, tukakaa tukisubiri, tukisikiliza maji yanavyonguruma bila kuyaona. Kwa hiyo akilini mwangu mtu anayesimama kuyatazama maji yale alikuwa ni mtu mwenye msiba, basi.

Wageni wa kwanza walipoanza kuja, nikajua wamefiwa.

Walipanda kwa miguu toka Mlali, Wazungu, nyuso nyekundu, wanahema, mizigo mgongoni. Nikasema moyoni, ndani ya mizigo ile mna unga. Walipofika kwenye jiwe la bapa walikaa, wakatulia, hawaongei, wanatazama kule kunakonguruma. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alitokwa na machozi. Nikakimbia shambani kwa mama.

"Mama, na wao bibi zao wamezikwa huku?"

"Kina nani?"

"Wale Wazungu."

"Aa, wale wamekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Maji."

"Kwao hayapo?"

Mama alicheka mpaka akaegemea jembe. Mdogo wangu Pius, aliyekuwa mgongoni kwake, akaamka akalia kwa kutikiswa na kile kicheko. "Yapo," mama akasema. "Ila nadhani ya kwao hayaanguki."

Sikumwamini. Mtu hatoki kwao mbali vile kwa ajili ya maji. Nilichukua ndizi mbili mbivu nikampelekea yule mama mwenye nywele nyeupe, nikamwambia pole, kama tulivyofundishwa. Akanikumbatia, akanipa peremende. Sikuila. Nilijua kabisa kwamba ni sadaka yake, kakosa tu mtu wa kumwelekeza pa kuiweka. Nikaenda kuiweka kwenye shina la mti wa kafuri mkubwa kuliko yote. Kesho yake sikuikuta, nikafurahi, nikasema bibi yao kaipokea.

Sasa nawataja walioleta mkasa wetu. Maana huku mjini nimesikia watu wengi wakisimulia mikasa yao, utasikia "mtu mmoja", "ndugu fulani", "Mungu ndiye anajua". Mimi nimechoka kumwachia Mungu kazi ya kukumbuka majina.

Wa kwanza ni mjomba wangu, Deusi, kaka yake mama, tumbo moja. Sisi Waluguru ukoo unafuata ziwa la mama. Shamba alilolima mama lilikuwa la bibi, na kabla yake la mama yake bibi, na lingekuwa langu. Lakini mwanamke ana shamba, mjomba ana mdomo. Likija la kusemwa juu ya ardhi ni mjomba anayesema, na kichaka cha Maji ya Bibi kilikuwa cha ukoo, mkononi mwake. Baba yangu alikuwa mjini kwa mwanamke mwingine. Huyo simtaji. Alikuwa na makosa yake lakini hakuua.

Wa pili ni Renatusi, mtu wa mjini, kofia ya pama, shati limechomekwa na tumbo limetangulia. Wa tatu ni Mwenda, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, kazi yake kukubali kwa kichwa.

Walikuja watatu hao nyumbani, wakakaa kwenye vigoda vyetu. Mama akawapa magimbi ya kuchemsha. Renatusi akala, akajifuta, akaonyesha juu kwa kidole, huko huko kusikoonyeshwa kwa kidole.

"Dada yangu," akasema, "watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona uzuri wa hapa. Wakifika wanaona nini? Miti! Mtu anatembea toka asubuhi aje aone miti! Mimi najenga kambi pale ng'ambo, kwenye ule mwamba, na kibaraza cha mbao. Mgeni anakaa kwenye kiti, anakunywa chai, maji anayaona toka juu mpaka chini. Kitu pekee kinachozuia ni kile kichaka."

"Kile kichaka ndipo tunapoombea," mama akasema.

"Kanisa lipo kule kigangoni," Mwenda akadakia.

Mama hakumtazama. Alimtazama kaka yake. "Kaka, siku mvua ikikataa utawapeleka wazee wapi? Kwenye kibaraza?"

Mjomba Deusi alikuwa anamenya gimbi, taratibu, kama kwamba gimbi ndilo lililomleta. "Wazee nao wanapenda maendeleo," akasema. "Wangekuwa hai wangetaka bati."

Na bati akalipata. Bati, redio na koti la mvua la mpira ambalo alilivaa hata kiangazi.

Miti ilikatwa kiangazi hicho. Walikuja vijana na misumeno, wakakata kuanzia ukingo wa maji mpaka juu kabisa ya mteremko, na mteremko ule ndio uliokuwa mgongoni mwa nyumba yetu. Na mimi nilifurahi. Harufu ya kafuri ilijaa kijiji kizima, kwenye maji ya kunywa, kwenye ugali, kwenye nywele za watu. Nilikuwa naamka asubuhi nasikia kama mlima wote umevaa khanga ya mama.

Tena kulikuwa pazuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba siwezi kusema kulikuwa pabaya. Siku mti wa mwisho ulipolala, tulisimama uani kwetu tukayaona maji, mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka nayo pamoja, hujui kipi ni kipi. Jua likipanda kidogo, upinde wa mvua unakaa katikati ya mwamba kama mtu kauanika. Jioni yanageuka rangi ya asali. Mama alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi, anayatazama mpaka mboga inaungua, halafu anajisonya mwenyewe. "Kumbe na mimi nimekuwa Mzungu," anasema.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewasema, na yeye alikuwa hahesabiwi. Alikuwa mtani.

Nyie mliokulia mjini utani mnaujua wa kutaniana kazini, Mnyamwezi na Mzaramo, mnacheka yanaisha. Kwetu mlimani kila ukoo una ukoo wa watani wake, na mambo yao ni mazito. Mtani anaingia kwako bila hodi. Anafunua chungu, anakula nyama, anachukua jogoo anaondoka naye, na wewe huruhusiwi kununa. Akikutukana unacheka. Msiba ukiwafika, yeye ndiye anayechimba kaburi, na yeye ndiye anayelala ndani ya lile kaburi akikataa kutoka mpaka mtoe kitu, ili wafiwa wacheke wasife kwa kilio. Lolote analosema mtani ni utani. Ukilichukulia kwa uzito, umeharibu wewe.

Mtani wetu sisi alikuwa Babu Kibwana, anakaa ng'ambo ya kijito, mrefu, mapengo mbele, mchukuzi wa kabichi kwenda Mlali. Alikuwa akifika anaanzia mlangoni. "Mnapika taka gani leo?"

"Tunampika babu yako," mama anajibu.

"Mtupie chumvi, alikuwa mtu wa pwani. Na huyu mke wangu mbona hakui, mnampa pumba?" Mke wake huyo ni mimi. Ananinyanyua kwa kwapa, ananipima uzito, anajifanya anataka kunirudisha kwetu kwa kuwa mwepesi.

Alipoona kichaka kimekatwa alisimama katikati ya baraza la kijiji, Mjomba Deusi na Renatusi wamekaa mbele, akasema kwa sauti: "Ninyi watu mna laana! Mmemnyoa bibi yenu upara! Mvua ikija ataona baridi, na hana cha kujifunika isipokuwa nyie!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mjomba Deusi alicheka kuliko wote, akamtupia ugoro. Hakutakiwa kukasirika, na hakukasirika. Ndiyo desturi. Neno la kweli lilipita pale mchana kweupe, na kila mmoja akaliona kama kichekesho kwa sababu ya mdomo uliolitoa.

Masika ya mwaka ule yalianza vizuri, halafu hayakujua kuacha. Nguo hazikukauka. Kuni zilitoa moshi tu. Maji ya Bibi yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanguka kwa sauti nyingine, nzito, na kwenye kibaraza cha Renatusi wageni wachache walikaa wamejifunika mablanketi wakiyatazama, maana yalikuwa makubwa na walisema ndiyo yamependeza.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Mama alikuwa jikoni, Pius mgongoni, anapuliza moto chini ya maharage. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, nimejifunga khanga ya mama kwa baridi, nimeelekea mlangoni. Babu Kibwana akaingia, hakuuliza tunapika taka gani. Matope yalikuwa yamempanda mguu mmoja mpaka pajani.

"Tokeni," akasema. "Mlima umepasuka."

"Kilichopasuka ni kichwa chako," mama akasema, anapuliza moto. "Umeanza kunywa asubuhi leo?"

"Mtani, nisikilize. Nimepita kule juu kwenye visiki. Ardhi imeachana, mguu wangu umezama wote. Beba mtoto twende kwangu."

"Ulikuwa unamkimbiza mke wa nani kule kwenye visiki?"

"Nimetoka kwa kaka yako. Nimemwambia, yeye na Renatusi wake. Wamecheka. Wamenipa bia. Nimeimwaga, mtani! Ushawahi kuniona namwaga bia?"

Hapo ndipo mama alipocheka kweli kweli. Ile ya kumwaga bia ilikuwa nzuri mno. Alikuwa kampa mgongo, kainamia jiko, mabega yanatikisika, na Pius anatikisika nayo. "Sema tu unataka maharage," akasema. "Unataka nikutolee watu humu ndani uyale peke yako."

Mimi nilikuwa namwona Babu Kibwana usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikadhani ni moshi, maana hata mimi moshi ulikuwa unanitoa machozi, na Mungu anisamehe, nilimwonea huruma kwa moshi. Sijilaumu kwa hilo. Nilikuwa mtoto, na walikuwepo watu wazima watatu wenye bati na redio ambao kazi ya kuelewa ilikuwa ni yao.

Babu Kibwana alizunguka jikoni kama kuku aliyefungiwa. Alimshika mama mkono, mama akamchapa na mwiko, akicheka. Alijaribu kumchomoa Pius mgongoni, mama akageuka upande, "Huyu ananyonya, we mzee, una maziwa?" Ndipo akasimama. Akanitazama mimi.

"Basi naiba hiki," akasema.

Mtani ana ruhusa ya kuiba. Aliniinua kama mkungu wa ndizi akanitupa begani. Mimi nikapiga kelele za furaha, narusha miguu, nampiga mgongoni. Mama akatoka mpaka mlangoni, mwiko mkononi, kichwa cha Pius kimetokeza kwenye bega lake.

"Mchukue!" akapaza sauti. "Mchukue, anakula sana huyo! Ila umrudishe kabla ugali haujapoa!"

Alikimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona mzee akikimbia vile. Kichwa changu kilikuwa kinaning'inia nyuma, kwa hiyo nilimwona mama akipungua, mdogo, mdogo zaidi, bado anacheka, halafu akarudi ndani kwenye maharage yake. Tukavuka gogo la kijitoni. Tukapanda ng'ambo. Tulikuwa kwenye migomba yake Babu Kibwana niliposikia sauti. Watu husema ni kama radi. Si kama radi. Ni kama lori la mchanga linapomwaga, ila lori humaliza kumwaga.

Yeye aligeuka akaona. Mimi alinikandamiza uso kwenye shingo yake nisione. Lakini pua hakuniziba. Mizizi yote ya visiki vile ilikuwa imeng'oka kwa pamoja, na harufu ya kafuri ikavuka kijito ikatufikia, kali, nyingi, kuliko hata kile kiangazi cha misumeno.

Nikamwambia, "Niteremshe, mama anakuja."

Hawakupatikana. Watu walichimba kwa majembe mpaka mvua ikawakatalia. Mwishowe Mjomba Deusi akasema mlima umekwisha kuwazika, tusiwasumbue, na katekista akasali juu ya udongo mwekundu uliokuwa bado unateleza pembeni. Mwenda akatoa hotuba kwamba ni kazi ya Mungu. Renatusi alileta gunia la mchele.

Na watani walitakiwa wafanye kazi yao. Kwetu mtu akifa, mtani humwigiza. Hujifunga nguo yake, hutembea kama yeye, husema kama yeye, ili wafiwa wamwone mara ya mwisho na wacheke. Vitu vyote vya mama vilikuwa chini ya udongo isipokuwa khanga niliyoibwa nayo. Babu Kibwana akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniomba. Nikamfungulia.

Akajifunga. Akachukua kijiti kama mwiko. Akasimama kama mama anavyosimama, uzito mguu mmoja. "Umeanza kunywa asubuhi leo?" akasema, na ilikuwa sauti ya mama. Watu wakacheka huku wanalia. "Sema tu unataka maharage!" Wakacheka. Mjomba Deusi naye alicheka, nilimwona, kavaa koti lake la mpira. "Mchukue! Mchukue, anakula sana huyo!"

Nikakimbia nikamkumbatia miguu. Nilisikia sauti, nikaona khanga, nikasikia harufu. Nikamwambia, mama, ugali haujapoa.

Hakuweza kuendelea. Alisimama tu na kijiti chake, na watu wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Kisha mzee mmoja wa ukoo akakumbusha desturi. Kilichoibwa na mtani hukombolewa. Mjomba Deusi akaleta kuku, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Namkomboa mtoto wa ukoo wangu."

"Simtaki kuku," Babu Kibwana akasema.

"Mtani, chukua."

"Mtoto abaki kwangu. Nimeiba mwenyewe kwa mkono wangu."

Watu wakacheka tena, wakidhani anapandisha bei. Wazee wakamwekea kuku mikononi. Akamtazama kuku yule muda mrefu, akanitazama mimi, akaondoka. Nilimwona anavyoshuka njiani, na alipofika kijitoni akamwachia kuku aende zake.

Hivyo nikalelewa chini ya bati la Mjomba Deusi. Mvua ikinyesha nilikuwa naisikia vizuri juu ya lile bati. Shule niliacha darasa la tatu, maana wageni walitaka maji ya kuoga na mabega yangu yalikuwa yanatosha ndoo. Nilipanda nayo mpaka kwenye kibaraza, na kutoka pale niliuona mteremko: kwanza kovu jekundu, mwaka uliofuata majani machache, kisha nyasi. Renatusi aliagiza zikatwe fupi. Nilimsikia kwa masikio yangu, kashika kiuno, anamwambia mgeni, "Sasa ndiyo maji yanaonekana yote. Hata kijiti kimoja hakizuii."

Nilimuuliza Mjomba Deusi mara moja tu, nikiwa msichana mkubwa. Nilimuuliza kwa nini alicheka siku ile mtani alipomwendea. Alijibu bila hasira. "Mwanangu, alisema kwa utani. Ningejuaje?" Jibu hilo aliishi nalo vizuri. Alikufa mzee, kitandani, padri pembeni, mashuka safi. Renatusi aliiuza kambi akaenda kunenepea kwingine. Mwenda alikuwa mwenyekiti mpaka alipochoka mwenyewe. Msinieleze habari za malipo ni hapa hapa duniani.

Babu Kibwana hakutania tena. Alikuwa anapita mbele ya nyumba zetu kimya, anaamkia kama mgeni, na watu wakasema siku hizi anaringa. Alikufa nikiwa nimekwisha teremka kukaa Kingolwira kwa mama mdogo, nilikochagua kwa sababu kule ni tambarare. Habari ilinifikia matanga yamekwisha anuliwa.

Neema nilimwambia bibi yake alichukuliwa na masika. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Wapi, sikumwambia. Sikujua kwamba siku moja watapabadili jina na kumpeleka kwa basi la kwaya akiimba.

Jumapili ile, simu ilipozimika, nilimrudishia, nikainamia jiko nikoleze mkaa. Nikasema, "Hapo uliposimama ndipo lilipokuwa jiko la mama yangu. Bado yumo, na mdogo wangu mgongoni."

Neema akacheka. "Mama nawe! Kwa utani hujambo."

Ni kweli huwa namtania. Nimemlea hivyo, sikuwa na kingine cha kumlea nacho. Nilikuwa nimempa mgongo, napuliza mkaa, na moshi ulikuwa unaanza. Nikaacha kupuliza. Nikasimama, nikageuka, nikamwekea uso wangu mbele yake, aone kwamba si moshi.

Kicheko kilimpotea polepole. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akailaza simu kifudifudi mezani.

Yule tembo nilitaka kumtia motoni. Sikuweza. Nimemweka kwenye kapu la nguo, chini kabisa, mende wasiingie.